Kisigino changu cha kushoto na kansa isiyolijua jua

Mimi ni fundi cherehani, Ngamiani, Tanga. Kazi yangu ni ya ndani, kivulini, miguu ikiwa chini ya meza. Sijawahi kuwa mkulima wala mvuvi, na ngozi yangu ni nyeusi tii. Kama kuna maradhi niliyojihesabu kuwa nimeepukana nayo, basi ni kansa ya ngozi. Hiyo nilijua ni balaa la ndugu zetu wenye ualbino, na la Wazungu wanaojianika ufukweni. Yangu ikatoka chini ya kisigino, mahali ambapo jua halijapapiga tangu niache kutambaa. Naandika kwa sababu nilizungushwa sana kabla haijajulikana ni nini, na kumbe kilichotakiwa ni kipimo kimoja tu, cha bei isiyozidi mshono wa suti.

Aliyeliona doa si mimi. Ilikuwa Ramadhani, kwenye tarawehe. Tulipotoa salamu, kijana wa safu ya nyuma akaninong'oneza: "Fundi, umekanyaga lami?" Ukikaa tahiyatu unyayo wako unamtazama mtu wa nyuma, haukutazami wewe. Nikaenda bombani nikasugua kwa sabuni na jiwe. Halikutoka. Mtu unatawadha kutwa mara tano, maji yanapita miguuni na kidole kinachambua katikati ya vidole, lakini chini ya kisigino mkono ndio unaopita, jicho halifiki kabisa.

Nyumbani mama Zuhura akaniwashia taa ya simu. Doa lilikuwa na upana wa ukucha wa dole gumba, kingo zake zimekatika ovyo, sehemu nyeusi sana, sehemu ya kahawia, na upande mmoja kijivu. Haliumi, haliwashi. "Sugu hiyo, baba Zuhura," akasema. "Pedali ya cherehani." Nami nikaona ana haki, miaka yote hiyo nimekanyaga pedali.

Duka la dawa nikapewa dawa ya fangasi ya kupaka. Nilipomaliza tyubu ya kwanza nikapewa ya pili. Baada ya Idi doa likaanza kuinuka na kutoa majimaji, soksi ikawa inaganda. Hapo ndugu wakaingia. Kaka yangu mkubwa, ambaye neno lake kwetu halivukwi kirahisi, akasema huu si ugonjwa wa hospitali, nimetegewa na jirani nikakanyaga. Alinipeleka kwa mzee mmoja njia ya Pangani, nikapewa unga wa kunyunyizia. Sitaki kumsema vibaya kaka. Kidonda kisichouma, kisichopona, cheusi, chini ya mguu: kwetu maelezo yake yapo tayari kabla hujafungua mdomo, na mtu anayekupenda atakupa maelezo aliyonayo.

Unga haukusaidia. Nikaenda zahanati moja ya binafsi, jina lake naliacha. Mtabibu akaangalia kwa dakika moja, akasema ni chunjua. Akanipiga ganzi, akakikwangua, akachoma kwa umeme, na kile alichokitoa akakitupa kwenye ndoo ya taka. Nilimlipa na nikamshukuru. Juu pakafunga vizuri. Baada ya muda nikaona weusi unatambaa pembeni mwa kovu.

Ile ndoo ndiyo inayoniuma mpaka leo kuliko kisu chochote. Kinyama kilikuwa kimeshakatwa na ganzi ilikuwa imeshalipiwa. Kilichobaki ni kukitia kwenye chupa ya fomalini, dawa inayozuia nyama isioze, na kukipeleka maabara. Kwa hiyo mtu yeyote akitaka kukukwangua au kukukata kitu chenye rangi kwenye ngozi, muulize kabla hajashika wembe: kitapelekwa wapi? Akisema hakuna haja, mwambie ahsante, vaa kiatu uondoke. Na usikubali kichomwe tu. Kilichochomwa hakisomeki vizuri kwenye darubini, na daktari anayekuja baadaye anakuta kovu badala ya ushahidi.

Madaktari wamenieleza kwamba safari yangu ni ya kawaida kwa kansa ya unyayo. Inaitwa sugu, chunjua, fangasi, damu iliyovilia, na mwenye kisukari anaambiwa ni kidonda cha sukari. Wakati mwingine haina hata weusi, inatoka nyekundu kama kinyama kibichi, na hapo kuitambua ni shida zaidi. Damu iliyovilia chini ya ngozi au ukucha husogea na kutoka jinsi ngozi na ukucha vinavyokua, lakini kansa inakaa palepale au inapanuka. Kidonda cha unyayo kikipita miezi miwili kinatibiwa na hakifungi, kinyama kichukuliwe kikapimwe maabara, hata kama aliyekitibu ana uhakika na jina alilokipa.

Hospitali ya wilaya nilimkuta daktari wa kike, umri wa binti yangu. "Shikamoo mzee, lala kifudifudi," ndivyo alivyoanza. Ndiye wa kwanza aliyeushika mguu wangu akaugeuza kwenye mwanga. Kisha akanigeuza chali na kubonyeza kinenani. "Huu mtoki umeanza lini?" Nilikuwa sijui kama nina mtoki. Mimi nimekuja kwa kisigino, mwenzangu anatafuta kinenani. Akanieleza kwamba ugonjwa wa mguuni ukitaka kusafiri, kituo chake cha kwanza ni tezi za kinena. Akaandika rufaa. Wenye bima, hilo karatasi la rufaa msiliruke. Ukijipeleka mwenyewe hospitali kubwa bila hilo, unaweza kuambiwa ulipe kila kitu mfukoni. Toa nakala kadhaa kabla hujasafiri, maana kila dirisha linataka yake.

Nikapanda basi kwenda Moshi, Segera mpaka Korogwe, Mombo, Same, mguu nimeunyoosha kwenye kijia cha katikati na kila anayepita anaukanyaga. KCMC, ile hospitali kubwa ya rufaa ya Moshi, kuna kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanza mwaka 1992, madaktari na matabibu wa nchi nyingi za Afrika wamesomea ngozi pale. Kwenye benchi la kusubiri nilikaa na watu wenye ualbino, kofia pana, mikono mirefu. Pale pale Moshi yanatengenezwa mafuta yao ya kuzuia jua, Kilisun. Dada mmoja mwenye kovu nyuma ya sikio akaniuliza, "Na wewe mzee weusi wote huo umefuata nini?" Nikainua mguu. Akautazama sana. "Kumbe na nyinyi," akasema, tukacheka, halafu sote tukanyamaza.

Daktari wa pale hakuangalia kwa macho matupu. Ana lenzi ndogo yenye taa, anaigusisha kwenye ngozi. Akanionyesha unyayo wangu mwenyewe kwenye skrini: ngozi ya nyayo na viganja ina matuta na mifereji, yaleyale yanayoacha alama ya dole gumba kwenye karatasi. Rangi ikilala ndani ya mifereji, mara nyingi ni baka lisilo na neno. Yangu ilikuwa imepanda juu ya matuta. Hakusema kansa siku ile. Alisema, "Leo tunachukua kinyama."

Nisiwadanganye, sindano ya ganzi chini ya kisigino inauma. Ngozi ya pale ni nene, dawa haina pa kwenda. Niliuma kola ya shati. Lakini ni dakika chache, na baada ya hapo husikii kitu. Kipimo nililipia chini ya laki moja na nusu, sehemu nikapunguziwa na bima. Majibu yanasubiriwa wiki kadhaa. Kinyama kinakaa kwenye dawa, kinagandishwa kwenye nta, kinakatwa vipande vyembamba kuliko uzi, kinatiwa rangi, ndipo kinasomwa. Andika namba ya sampuli yako kwenye simu na kwenye karatasi. Nilimwona mtu dirishani ameipoteza namba yake, na majina yanayofanana ni mengi.

Majibu yalisema melanoma, yaani kansa ya ngozi inayoanzia kwenye seli zinazotengeneza rangi. Kwenye karatasi kulikuwa na namba moja ambayo daktari aliizungushia wino: milimita 2.3. Hicho ni kina, kuanzia juu ya ngozi mpaka seli ya mwisho ya kansa iliyoonekana chini. Kuna neno jingine kama doa limechubuka juu au la. Langu lilikuwa limechubuka. Ukipewa karatasi ya namna hiyo, tafuta kina, kwa sababu ndicho kinachoamua wakukate kwa upana gani, na ndicho kinachopima hatari kuliko ukubwa unaouona kwa macho. Doa dogo lililozama ni baya kuliko doa pana lililo juujuu.

Nikamuuliza: jua lilinipatia wapi? Akasema halihusiki. Wingi wa rangi kwenye ngozi yetu unatukinga sana na kansa za jua, ndiyo maana kansa hii kwa watu weusi ni adimu. Lakini ikitokea, hupendelea nyayo, viganja na chini ya kucha. Wataalamu wakisoma vinasaba vya melanoma za sehemu hizo, mara nyingi hawakuti ile alama ambayo miale ya jua huiacha. Wengine wanashuku mgandamizo na majeraha ya mara kwa mara, ila haijathibitika. "Kwa hiyo usiilaumu pedali," akaniambia, "wala usimlaumu jirani." Sijui nani alimwambia habari za jirani. Nadhani wanazisikia kila siku.

Kijana wangu wa dukani ana picha ya Bob Marley ukutani, juu ya pasi. Nilipompigia simu kumpa jina la ugonjwa, jioni akanirudia sauti imebadilika, ameshasoma. Ni ugonjwa huo huo uliomuua Marley. Ulianzia chini ya ukucha wa dole la mguu, ukadhaniwa ni jeraha la mpira, ukajulikana mwaka 1977. Alikataa kukatwa dole, wakamwondolea ukucha na nyama yake tu, na tarehe 11 Mei 1981 akafariki Miami akiwa na miaka 36. Usiku ule sikulala. Kumbe mtu mwenye fedha zote zile, na madaktari wa Ulaya na Marekani, ameondoka kwa kitu cha namna hii, itakuwa mimi wa Ngamiani?

Nilikuwa tayari kurudi Tanga. Nilikuwa hata nimeuliza nauli. Aliyenizuia ni mama Zuhura, na hakutumia maneno mengi. Alisema, "Ukirudi, nitakuwa nakuosha kidonda mpaka lini?" Nikakubali kisu.

Kwa kina kama changu wanakata sentimita mbili kuzunguka doa, kila upande, na kushuka chini. Kwenye kisigino hiyo ni nyama nyingi. Nilipigwa ganzi ya mgongoni, si nusukaputi, nikawa nasikia vyuma vinagongana bila kusikia maumivu. Kisigino hakiwezi kufunikwa kwa ngozi nyembamba tu, maana ndicho kinachobeba mwili. Basi wakahamisha nyama ya kwenye upinde wa unyayo, pamoja na mishipa yake, ikafunike kisigino, na pale ilipotoka wakapandikiza ngozi ya paja. Hakuna aliyenitahadharisha kuhusu paja. Mguu ulitulia haraka. Paja liliwaka moto usiku na mchana, na bandeji yake ikiganda usijaribu kuibandua, iache itoke yenyewe au ilowekwe na muuguzi. Na ukiwa wa kike au wa kiume, jiandae kusaidiwa haja kitandani. Mimi ni mzee wa watu, nina wajukuu, nililia kwa ajili ya chupa ya mkojo, sikulia kwa ajili ya kansa.

Jirani yangu wa kitanda alikuwa mzee wa Upareni. Alimwagikiwa na sufuria la uji wa moto goti mpaka muundi akiwa mtoto mdogo, akapona na kovu, akalisahau. Uzeeni kovu likachanika, likawa kidonda chenye kingo zilizobinuka na harufu. Hiyo nayo ni kansa ya ngozi, ya aina nyingine, na haina habari na jua. Makovu ya moto na vidonda sugu vya miaka mingi vinaweza kuizaa. Kumbe kwa watu weusi hata aina hii mara nyingi hutokea mahali pasipopigwa jua. Ukiwa na mzazi mwenye kovu kubwa la zamani ambalo sasa limeanza kuchanika, usimwambie ni uzee. Mpeleke.

Mtoki ule ulinitesa kuliko yote. Walipiga altrasaundi, wakaingiza sindano ya kunyonya, nikasubiri tena. Daktari alikuwa mkweli kwangu: dawa za kawaida za kansa, zile za dripu zinazonyoa nywele, hazifanyi kazi sana kwa melanoma. Zipo dawa mpya zinazoamsha kinga ya mwili, zimewasaidia wengi huko nje, lakini kwa bei yake dozi moja ingemeza cherehani zangu zote na meza zake. Kwa hiyo kwa mtu kama mimi tumaini lote lilikuwa kwamba haijasafiri. Majibu yakaja kwamba tezi imevimba kwa uambukizo wa kidonda, hamna seli za kansa. Nikampigia kaka mkubwa. Akanyamaza, kisha akasema, "Alhamdulillahi. Nakutumia laki mbili." Habari ya kutegewa hatujaizungumza tena, na sioni haja ya kuizungumza.

Sasa fedha. Watu huuliza bei ya upasuaji, na hiyo bima ilibeba sehemu kubwa. Kilichonimaliza ni vitu vidogo na duka lililofungwa. Nauli za mimi na msindikizaji, chakula cha msindikizaji, dawa zilizokosekana dirishani zikanunuliwa nje, bandeji na gozi za nyumbani, magongo, bajaji maana huwezi kupanda daladala na mguu umefungwa. Nilifikia kwa binamu Majengo, nisingeweza gesti. Halafu Januari ikanikuta kitandani. Fundi wa sare za shule akikosa Januari amekosa mwaka. Nilikuwa nimepokea vitambaa vya wazazi na nimekula malipo ya awali. Kijana wangu alishona alivyoweza, vingine tukarudisha pamoja na fedha, na wateja wawili hawakurudi tena. Kama una kazi ya kupokea mali za watu, zirudishe kabla hujalazwa, ukiwa bado una nguvu ya kuongea na mtu uso kwa uso. Kwenye simu, ukiwa wodini, unaonekana tapeli.

Mguu haukukanyaga chini kwa wiki nyingi, na waliponiruhusu nilianza kwa vidole. Hisia ya kisigino si ile ya zamani, sehemu nyingine imekufa ganzi, kwa hiyo kandambili nimeziacha. Navaa kiatu kilichofunga chenye soli laini, na nakikung'uta kila asubuhi, kwani nikikanyaga changarawe nisijue nitapata kidonda kipya. Cherehani moja nimeifunga mota. Inakula umeme, na Tanga umeme ukikatika nakaa, ila pedali siiwezi tena kwa siku nzima.

Kliniki narudi kila baada ya miezi mitatu. Wananishika kinena, wanaangalia kovu na ngozi inayolizunguka, kisha wananivua nguo zote kutafuta doa jipya. Katikati ya hapo kazi ni ya mama Zuhura. Anatazama nyayo, katikati ya vidole, viganja, kucha zote, na sehemu ambazo mtu mzima hazionyeshi. Mistari myeusi kwenye kucha imetutia hofu mwanzoni, na tukaambiwa kwa sisi weusi ni jambo la kawaida, hasa ikiwa kwenye kucha kadhaa. Wanaoutilia shaka ni mstari mmoja kwenye ukucha mmoja unaozidi kupanuka, au weusi uliovuka ukucha ukaingia kwenye nyama ya shina lake. Madoa ya nyayo nayo wengi wetu tunayo, tena mengi, na karibu yote hayana lolote. Usikimbie hospitali kwa kila baka. Linalotafutwa ni lililobadilika.

Kubadilika ndiko tunakoshindwa kukumbuka, kila mtu anasema "lilikuwepo tu". Mimi natumia simu. Naweka futi ya kushonea pembeni ya doa, napiga picha mchana karibu na dirisha, na tarehe inabaki kwenye picha. Mwezi ukiisha napiga nyingine. Safari iliyopita nilimwonyesha daktari picha za doa jingine, la kidole kidogo cha mguu wa kulia, milimita nne mwezi wa kwanza na milimita nne mwezi wa mwisho. Akaliwekea lenzi, rangi imelala mferejini. Akaniambia niendelee kupiga picha, na nije na kijana wangu wa dukani safari ijayo, maana ana kovu la pasi kifuani ambalo amekuwa akilikuna.